Corona ilisimamisha shantie, lakini nani alilipa?

Siku ya kwanza, tarehe 23 mwezi wa tatu 2020, Lubumbashi iliamuka kimya. Hakukuwa taxi-bus ya kuita watu wa Katuba na wa Kenya, hakukuwa kelele ya magari makubwa ku njia ya Kasumbalesa. Gavana Jacques Kyabula alikuwa amefunga jimbo yote ya Haut-Katanga kwa masaa 48, juu ya abiria wenye walifika na ndege kutoka Kinshasa na wenye walizaniwa kuwa na corona. Wengi kati yetu tulijisemea: ni siku mbili tu, kiisha tunarudia ku kazi. Kesho yake mangaribi, Raisi Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura mu inchi muzima. Zile siku mbili zikageuka karibu miezi ine.

Leo watu wakizungumuza juu ya corona, wanakumbuka kashe-ne, maji ya kunawa ku mulango, na matanga bila watu. Lakini mu nyumba nyingi za watu wa mine na wa shantie, kumbukumbu kubwa ni ingine. Ni karatasi. Mukanda mumoja wa biro, mistari tatu ao ine, wenye kusema: kontra imesimama, bakia ku nyumba, tutakuita. Kuko wenye waliitwa. Kuko na wenye wanangoja mwito ule mpaka leo.

Tunafungua tena mambo hii si kwa kulilia zamani. Tunaifungua juu ugonjwa hauna rendez-vous. Mwezi wa nane 2024, OMS ilitangaza dharura ya dunia juu ya mpox, na inchi yetu njo ilikuwa katikati ya ugonjwa. Na shantie hazikuisha: mine zinafunguliwa, barabara zinajengwa, kontra zinatiwa sinyatire kila juma. Tunataka kila baba na kila mama wa nyumba ajue nini ilipita mu karatasi zile, kusudi siku ingine isimukute amelala.

Mine mbili, njia mbili

Tuanzie hapa karibu, ku Kipushi, kilometre 30 hivi kutoka muji wetu. Mine ile ilifunguliwa mu miaka ya 1920, ikafungwa mu 1993. Mu 2011 pompe kubwa iliharibika na maji ikapanda ndani, ikafika metre 851 chini ya uso wa udongo. Ilikamata miaka kwa kuyashusha tena. Mu 2020 kazi ya kuitayarisha upya ilikuwa mu mikono ya kampuni Ivanhoe, yenye sehemu 68 ku mia, na Gécamines, yenye 32.

Mwezi wa tatu 2020, juu ya corona, kazi ya kuendelesha mine ilisimamishwa ku Kipushi. Walibakisha watu kidogo tu kwa kulinda vyombo na kwa kuvuta maji, juu pompe ikisimama, maji haiulizi kama kuko ugonjwa ao hapana: inapanda. Kwa wengine wote, ilikuwa kungoja. Kujenga concentrateur kulianza mu 2022, na concentré ya kwanza ilitoka mwezi wa sita 2024. Hatusemi corona peke yake njo ilikula miaka yote ile ine. Kutafuta feza na kupatana upya kati ya wenye mine pia vilichukua wakati. Lakini mutoto mwenye alikuwa mu darasa ya kwanza siku baba alirudishwa, alikuwa amefika mu darasa ya tano mbele mine itoe kitu.

Sasa tuvuke, twende Lualaba. Ku Kamoa-Kakula, kilometre 25 hivi mangaribi ya Kolwezi, ile kampuni Ivanhoe, pamoja na Zijin ya China na serkali yetu yenye sehemu 20 ku mia, walikuwa wanajenga mine mupya. Kule hawakusimama. Walifunga shantie: watumishi wakalala ndani, wakakula ndani, bila kuingia na kutoka kama zamani. Tarehe 25 mwezi wa tano 2021 concentré ya kwanza ilitoka, mbele ya wakati wenye walikuwa wametangaza.

Ugonjwa ulikuwa mumoja. Mwenye mali mukubwa alikuwa mumoja. Huku shantie ikalala, kule ikakimbia. Tunaona basi kama haikukuwa corona peke yake yenye kukata maneno. Watu wenye kukamata kalamu njo walichagua wapi kusimama na wapi kuendelea, kila mutu kufuatana na faida na hasara yake. Na watu wenye kukamata mupauro hawakuulizwa.

Namna shantie inakufa

Shantie haikufi siku moja. Inakufa pole pole, kama moto wenye kukosa makala.

Kwanza kulikosa watu. Corona ilianzia China, na wakati ule wahandisi na wafundi wengi wa kampuni za China walikuwa wamerudia kwao kwa sikukuu ya mwaka mupya. Ndege zikasimama, hawakuweza kurudi. Kisha vyombo vikakosa. Usine za China zilikuwa zimefungwa, na chombo chenye hakikufanyizwa hakiwezi kusafirishwa. Kisha njia. South Africa ilifunga inchi yake tarehe 27 mwezi wa tatu, na vitu mingi vya mine zetu vinapitia ku Durban. Mwezi wa tano, Zambia ikafunga kwa siku kadiri mupaka wa Nakonde, wenye kupitisha mizigo kutoka Dar es Salaam. Shofele akapimwa huku, akapimwa kule, akalala mu gari. Kila mutu mwenye anajua Kasumbalesa anajua mustari wa magari yenye kusimama unagharimu nini: anayelipa mwishowe ni yule mwenye kununua.

Tena kuko falanga. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa karibu 1 700 FC. Mbele mwaka uishe, ilikuwa inakaribia 2 000. Kwa mutu mwenye alitia sinyatire ya kontra ya kujenga kwa franka, hesabu ni hii: kazi ya 17 000 000 FC ilikuwa dola 10 000 siku ya kusikilizana. Siku ya kulipwa, ileile 17 000 000 ilikuwa dola 8 500. Dola 1 500 zilipotea na hakuna mwizi wa kukamata. Na simenti ya Zambia, fer à béton, bati, vyote vinahesabiwa kwa dola.

Sisi wenyewe, ku avenue yetu, tuliona nyumba yenye kuta zilifika juu kisha zikabakia bila bati. Mvua ya kwanza ikanyesha, mvua ya pili ikanyesha, matofali ya juu yakaanza kulainika. Mwenye nyumba alikuwa mutumishi wa shantie. Mushahara ulisimama, na nyumba ikasimama pamoja nao.

Si mara ya kwanza

Wazee wetu waliona mufano wa mambo hii. Njia ya reli ilifika Élisabethville mu 1910, na mu 1911 usine ya Union Minière ikatoa shaba yake ya kwanza. Mu 1918, ile homa kubwa yenye iliua watu dunia nzima ilipanda kwa njia ileile ya reli, kutoka kusini, ikaingia mu makambi ya watumishi. Wakati ule mutumishi hakukuwa na sindika. Akifa, aliandikwa mu hesabu, akikimbia, alitafutwa.

Leo kuko sheria. Mutu anaweza kusema sheria haina nguvu, lakini sheria yenye hauijue haina nguvu kabisa.

Hii "force majeure" ni nini?

Mu mikanda mingi ya 2020 kulikuwa maneno mawili: force majeure. Wengi walifikiri ni kusema "ni Mungu ametaka, hakuna wa kuuliza". Si vile.

Sheria yetu juu ya kontra ni ya zamani sana: dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, yenye ingali inatumika, na yenye wanasheria wanaita Code civil, livre III. Article 33 inasema kontra yenye ilifanywa vizuri ni sheria kwa wale wenye waliifanya. Article 46 inasema mutu hapashwe kulipa hasara kama force majeure ndiyo ilimuzuiza kufanya kile alichoahidi.

Tusome muzuri: ilimuzuiza. Haitoshi kusema kuko ugonjwa mu inchi. Unapashwa kuonyesha mambo tatu: kitu kile hakikutoka kwako, haukuweza kukiona mbele, na hakukukuwa njia ya kukiepuka. Kama kazi imekuwa ngumu ao bei imepanda tu, ile si kuzuizwa, ni hasara ya biashara. Tena, mutu mwenye alitia sinyatire mwezi wa sita 2020 hawezi kusema hakujua corona. Ilikuwa imekwisha kujaza redio zote. Na deni ya feza haifutwe na ugonjwa. Ukuta wenye umekwisha kujengwa umejengwa. Mwenye alijenga anapashwa kulipwa, hata kama shantie imefungwa kesho yake.

China ilifahamu mapema nguvu ya karatasi. Tangu mwanzo wa mwezi wa pili 2020, baraza yao ya biashara ya inje ilianza kupatia makampuni yao cheti cha force majeure, kusudi wakionyeshe wenye kuwadai kazi. Mumasoni wa Ruashi, yeye, alikuwa na cheti gani cha kuonyesha mwenye nyumba mwenye kumudai loyer?

Juu wanapata muda, chini wanapata njaa

Mu shantie kubwa, kontra nyingi zinafuata kitabu cha FIDIC, shirika la wahandisi la dunia. Mu kitabu chao cha 1999, chenye kingali kinatumika sana, mambo iko wazi. Mwenye kujenga akizuizwa na force majeure, anapashwa kuandikia mwenye kazi mu siku 14. Akiandika, anapata muda wa kuongeza, na hapigwe amende ya kuchelewa. Kwa vita ao fujo mu inchi anaweza kulomba na feza. Kwa ugonjwa, kwa mulango huu, anapata muda tu. Kuko mulango mwingine: kama sheria mupya ya serkali njo ilimuletea gharama, anaweza kuzilomba kwa sharti lingine. Na kama kazi karibu yote imezuizwa siku 84 kwa mufululizo, ao siku 140 ukizijumlisha, kila upande unaweza kuvunja kontra. Hali ya dharura yetu ilikamata karibu siku 120.

Sasa tufanye mufano, bila kusonga kidole kwa mutu. Mine moja inapatia kampuni kubwa ya ujenzi kazi ya kujenga nyumba 40. Kampuni kubwa inapatia kampuni ndogo ya Lubumbashi kazi ya kuta. Ile njo tunaita sous-traitance, na sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inaitengea kampuni za Wakongomani. Kampuni ndogo inatafuta wamasoni 30, wa kulipwa ku siku.

Corona inafika. Mine inaandikia kampuni kubwa: simama. Kampuni kubwa iko na avoka. Inaandika mu siku 14, inapata muda wa kuongeza. Kiisha inaandikia kampuni ndogo: simama, na fakture yako ya mwezi wa pili itangoja. Kampuni ndogo haina avoka. Simenti imekwisha kununua kwa deni, na mwenye depo hajui FIDIC. Anataka feza yake. Basi mwenye kampuni ndogo anaita wamasoni 30, anawaambia kwa kinywa: "Ba-papa, murudie kwanza ku manyumba, tutaona." Hakuna karatasi, hakuna siku ya kurudi, na juma ya mwisho haijalipwa.

Muone ngazi ile. Juu kabisa, ugonjwa umeandikwa, umehesabiwa, umepewa article yake. Kila hatua ya kushuka, karatasi inapunguka na hasara inaongezeka. Ku mwisho wa ngazi kuko mutu bila karatasi hata moja, na yeye njo anabeba muzigo wote. Tena muzigo hauishi kwake: unashuka ku mama mwenye kuuza makala, ku minerval ya watoto, ku kilo ya unga wa bukari.

Na shaba? Mwezi wa tatu 2020 bei ilianguka chini ya dola 5 000 kwa tani. Mwezi wa tano 2021 ilikuwa imepita 10 000. Juu walisimama tena upesi. Mumasoni wa mufano wetu hakupata mara mbili ya bei yake.

Wale wenye walifungiwa ndani

Haifai kusahau wengine, wale wenye kazi haikusimama. Mu mine nyingi za Haut-Katanga na Lualaba, watumishi walifungiwa ku shantie kwa majuma na majuma. Walikuwa na mushahara, ni kweli, na wengine walisema heri vile. Lakini mwezi wa sita 2020 mashirika ya haki za binadamu, ya kwetu na ya inje, yaliandikia makampuni ya mine juu ya mambo ile: masaa ya kazi yenye kuzidi, kulala kwa kusongana, na watumishi wenye kuambiwa wachague kubakia ndani ao kupoteza kazi.

Bibi zao walibakia peke yao na watoto, masomo ikiwa imefungwa. Tunajua manyumba kwenye mutoto alizaliwa na baba akamuona mu telefone tu. Kukubali kwenye hakuna njia ya kukatala, tunauliza, ni kukubali gani?

Kodi ya kazi inasema nini

Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iko na maneno kwa watu wa chini vilevile. Tuandike tatu, mukate kipande hiki cha gazeti muweke mu kabati.

Ya kwanza. Force majeure inaweza kusimamisha kontra ya kazi, lakini kusimamisha si kuvunja. Kontra inalala, haikufe. Tena si patron peke yake wa kusema "ni force majeure": inspecteur du travail njo anapashwa kuihakikisha. Kiisha miezi mbili ya kulala, sheria inaruhusu kuvunja. Kwa hiyo, mutu akipewa mukanda wa kusimamisha, aulize kwa heshima: inspecteur aliona? Na ahesabu siku.

Ya pili. Mutu wa kulipwa ku siku mwenye ametumika siku 22 mu miezi mbili, wakimukamata tena mbele miezi ile mbili iishe, sheria inamuhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Wengi mu shantie wamepitisha siku 22 mara kumi na hawajue. Wanarudishwa kama watu wa jana.

Ya tatu. Kontra inapashwa kuandikwa. Lakini kama haikuandikwa, mutumishi hapoteze haki: anaweza kuonyesha kwa njia zote kama alitumika. Karta ya kuingia ku mulango, mesaji ya telefone, feza yenye ilipita mu Airtel Money ao M-Pesa, jina mu kaye ya pointeur, rafiki wa kazi mwenye kushuhudia: vyote hivi vinasema.

Kwa hiyo tunashauri desturi moja ndogo. Kila mutu wa shantie awe na kaye yake mwenyewe. Kila mangaribi aandike: tarehe, wapi alitumika, masaa ngapi, nani alikuwa kapita, ngapi alilipwa. Ni dakika mbili. Bibi ao mutoto mwenye kujua kusoma anaweza kumusaidia. Siku shantie inafungwa, kaye ile ni avoka ya kwanza.

Na kwa wenye kampuni ndogo: mbele ya kutia sinyatire, mutafute mustari wa force majeure. Uliza: wakisimamisha, kazi yenye imekwisha italipwa siku gani? Vitu vyenye nimekwisha kununua vitalipwa na nani? Kontra ni ya dola ao ya franka? Nikinyamaza siku ngapi ninapoteza haki? Kama mustari haiko, mulombe iandikwe. Kama wanakatala, angalau mumejua mbele.

Tunakuja kumaliza

Ku Kipushi, pompe iliendelea kuvuta maji mu 2020. Kila mutu alifahamu kama ikilala, mine itazama, na kuitosha mu maji kutagharimu miaka. Ni akili nzuri. Tunaomba akili ileile kwa watu. Jamaa yenye kuachiliwa miezi ine bila kitu inazama vilevile: mutoto anatoka ku masomo, lupango inauzishwa, ugonjwa mudogo unakuwa mukubwa. Kuitosha mu maji kunakamata miaka, na mara ingine haiwezekani tena.

Corona imepita. Karatasi zake zingali mu makabati yetu. Leo mangaribi, mutafute ile ya nyumba yenu, muisome upya pamoja, baba, mama na watoto. Muangalie tarehe, muangalie nani alitia sinyatire, muhesabu siku. Kiisha mutuandikie yale mumekuta.